Kitufe Kisicho na Jina

Kazini walimwita Chiriku, na hata wasikilizaji waliopiga simu redioni waliuliza, "Leo Chiriku yupo?" Jina alipewa na baba yake utotoni, kwa sababu alianza kusema mapema na tangu hapo hakunyamaza. Alizaliwa haoni. Alisomea utangazaji, akaajiriwa, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyesoma taarifa ya habari ya asubuhi, ile ambayo watu huisikiliza huku wakipiga mswaki na kutafuta soksi ya pili.

Alisoma kwa vidole. Mbele yake studioni kulikuwa na kibao chembamba, kirefu kama rula, kilichounganishwa na kompyuta kwa waya. Juu ya kibao palikuwa na mstari mmoja wa vijipini vidogo kuliko punje za mtama. Vijipini vile vilipanda na kushuka vyenyewe, vikaunda maandishi ya nukta nundu. Akimaliza mstari alibonyeza pembeni kwa kidole gumba, vijipini vyote vikashuka, vikapanda vingine. Kompyuta yake ilikuwa pia na sauti ya kumsomea, na mezani kwake aliitumia sana, lakini hewani haikufaa. Huwezi kutamka jambo moja huku sikioni unaambiwa jingine. Kwa hiyo studioni ilikuwa vidole tu: mkono ulitangulia maneno mawili matatu, mdomo ukafuata nyuma, na msikilizaji hakujua lolote.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka ulipokuja mfumo mpya.

Uliletwa na mkuu wa kitengo cha kompyuta, ambaye watu wote walimwita Injinia. Siku ya uzinduzi chumba cha habari kizima kilipiga makofi. Habari zote zingekaa mahali pamoja, kila mtu angeziona, hakuna tena kukimbizana na karatasi. Wenzake walisifu rangi, wakasifu jinsi mambo yanavyoteleza. Chiriku akangoja vigelegele viishe, akakaa mezani, akaweka vidole juu ya kibao na kufungua.

Kibao kikamwambia: kitufe.

Akasogea mbele. Kitufe. Akasogea tena. Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe.

Waliotengeneza mfumo walikuwa wameweka alama za picha bila kuandika majina yake nyuma. Mwenye macho akiona mshale anajua hapa ni kutuma, akiona pipa la taka anajua hapa ni kufuta. Chiriku yeye alikuwa kama mtu aliyeingizwa kwenye ukumbi wenye milango mingi, hata mmoja haukuandikwa jina, akaambiwa achague, na mmojawapo unafungukia shimoni. Siku ileile ya kwanza alichagua, akafuta habari zote za michezo. Mwandishi wa michezo hakumsemesha mpaka jioni.

Akamwita Injinia amwonyeshe kitufe cha kutuma. Haikuwa shida kumpata. Hakuwa mtu mbaya, na alikuja haraka akitafuna peremende.

"Mbona kipo hapa, dada," akasema, na Chiriku akasikia ukucha ukigonga kioo.

"Hapa wapi?"

"Hapa. Hiki cha kijani."

Chiriku alitafuta la kusema lisilokuwa tusi. Kisha akamweleza polepole kwamba kijani hakina nukta. Kila kitufe kinahitaji jina lililoandikwa ndani, jina ambalo mwenye macho halioni lakini kompyuta inalisoma na kulipeleka kwenye kibao. Injinia akasema sawa, ameelewa, atalishughulikia, na akaondoka. Alikuwa ameelewa kama mtu anavyoelewa anapoelekezwa njia na mgeni mwenzake.

Vitufe havikupata majina. Badala yake likaja jambo jingine. Kwa ajili ya usalama, mfumo ulianza kumtaka kila anayeingia athibitishe kwamba yeye ni binadamu na si mashine, na namna ya kuthibitisha ilikuwa kuchagua picha zenye baiskeli kati ya picha nyingi. Chiriku alijaribu mara ya kwanza kwa kubahatisha, akafungiwa nje. Tangu hapo, kila asubuhi kabla wenzake hawajafika, alimwita mlinzi wa getini apande ghorofani amchagulie baiskeli. Mlinzi aliifanya kazi hiyo kwa moyo mkunjufu. Siku nyingine alibishana na mashine kama pikipiki nayo ihesabiwe. Chiriku alisimama nyuma yake mikono kifuani, akingoja kuthibitishwa kuwa ni mtu.

Alilalamika kwa maandishi. Akajibiwa kwa tangazo lililotumwa kwa wafanyakazi wote. Alipolifungua, kibao kikasema: picha. Ikabidi amwombe mhariri wa zamu amsomee. Tangazo lilisema kwamba uongozi unajivunia mfumo unaomfaa kila mfanyakazi bila ubaguzi. Mhariri alisoma mpaka mwisho, akakohoa, akauliza kama anataka kulisikia tena. Chiriku akasema hapana, ameshiba.

Mhariri huyo alikuwa rafiki yake wa siku nyingi, mama mnene wa sauti, mwepesi wa vidole, mtu wa kukimbia hata anapokwenda kunawa mikono. Ndiye aliyemwokoa majuma yale ya mwanzo. Kila asubuhi alizitoa habari kwenye mfumo moja moja, akaziweka kwenye faili la kawaida lisilo na urembo, na Chiriku akalisoma bila shida. Lakini hilo nalo lilikuwa na kasoro zake. Habari hubadilika. Mhariri akisharekebisha kwenye mfumo, kule kwenye faili mambo hubaki ya zamani, na asubuhi moja Chiriku alimtangaza waziri kuwa yuko safarini wakati mwenyewe amesharudi na amekaa sebuleni kwake anamsikiliza.

Mkurugenzi akamwita ofisini. Alizungumza kwa upole mwingi, na upole huo ndio uliomtia Chiriku wasiwasi. Alisema anajua anavyohangaika, na kwamba hapendi kumwona akichoka. Kwa nini asipumzike kidogo na habari, achukue kipindi cha salamu cha mchana? Kule hakuna kusoma. Ni kuzungumza tu, na kuzungumza Mungu amemjalia. Chiriku alijua anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Akamjibu kwamba hakuchoka na habari, amechoka na vitufe, na akaomba apewe nafasi ya kufikiri.

Nyumbani hasira ilimfuata. Aliigonga milango ya kabati, akaosha vyombo kama anayevipigia kesi. Mumewe, mwalimu wa hesabu, alijaribu kuleta suluhisho, moja baada ya jingine, mpaka Chiriku akamwomba ale kwanza. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao, alisikiliza yote akiwa kwenye kiti chake.

"Mwanangu," akasema hatimaye, "hasira unayo, na ni haki yako. Lakini sufuria zangu hazijakufanya kitu. Ipeleke ilikotoka."

Chiriku akakataa kipindi cha salamu. Wiki iliyofuata Injinia akatangaza kwamba toleo jipya la mfumo limekamilika, na malalamiko yote yameshughulikiwa. Mkurugenzi akaagiza mambo ya faili la pembeni yaishe. Kila mtu asome kutoka kwenye mfumo. Chiriku alimuuliza Injinia amejaribuje.

"Nimejaribu mwenyewe, inasomeka vizuri kabisa."

"Umejaribu kwa vidole au kwa macho?"

"Dada yangu," Injinia akacheka, "mwenye macho haambiwi tazama."

"Basi mimi niambie," Chiriku akasema. "Mimi ndiye wa kuambiwa."

Injinia akaenda zake akitafuna peremende. Hata hivyo, alipolifungua toleo jipya aliona kuna nafuu ya kweli. Maandishi ya habari sasa yalifika kwenye kibao yakiwa safi. Vitufe bado vilikuwa mabubu, lakini mpangilio wake alikuwa ameshaukariri, kama mtu anavyokariri ngazi za nyumba yake. Akajiambia kwamba akienda kwa uangalifu atamudu. Kwa siku kadhaa alimudu.

Kisha ikaja asubuhi ya maji.

Mamlaka ya maji iligundua kwamba mtambo wa kusafisha maji umeharibika, na kwamba maji ya bomba katika sehemu kadhaa za mji hayafai kunywewa hata yakichemshwa. Taarifa ilifika chumba cha habari Chiriku akiwa ameshaingia studio, na taa nyekundu imeshawaka. Mhariri wa zamu aliandika sentensi za mwanzo kwa mwendo wake wa kukimbia. Orodha ya maeneo mamlaka ilikuwa imeituma ikiwa picha, jedwali zuri lenye nembo juu. Mhariri hakuwa na muda wa kuichapa upya, akaibandika kama ilivyo. Kwa macho yake orodha ilionekana. Katika haraka ile hakukumbuka vidole vya nani vitaipokea.

Chiriku alisoma habari ya kwanza, akasoma ya pili. Akafika kwenye maji. Alihisi kwa vidole uzito wa habari kabla ya kuitamka, akapunguza mwendo, akaipa sauti yake ya kufa kupona.

"Mamlaka ya maji inawataka wakazi wa maeneo yafuatayo wasinywe maji ya bomba, wala kuyapikia, mpaka watakapotangaziwa tena. Maeneo hayo ni: picha."

Neno lile lilimtoka. Mkono ulikuwa umetangulia na mdomo ukafuata, kama ulivyozoea. Akasogeza mbele haraka, akitafuta orodha. Chini ya picha palikuwa na vitufe vya kuikuza, kuihifadhi na kuituma, vyote bila jina. Ng'ambo ya kioo fundi mitambo alianza kumpungia mikono, kisha akakumbuka anampungia nani, akashika kichwa.

Chiriku angeweza kunyamaza. Angeweza kusema tutarudi hivi punde, akawekewa muziki. Lakini miezi ile yote ya kuambiwa hapa, hiki cha kijani, ilimpanda kooni kwa mpigo mmoja. Yaliyofuata aliyasoma kwa makusudi, kwa sauti ileile ya taarifa, neno kwa neno.

"Picha haina maelezo. Kitufe. Kitufe kisicho na jina. Kitufe kisicho na jina. Kitufe kisicho na jina."

Kisha akavuta pumzi.

"Wasikilizaji, hayo ndiyo yaliyo chini ya vidole vyangu. Mimi sioni, na husoma kwa nukta. Orodha ya maeneo ipo, lakini imewekwa kama picha, na picha hainisemeshi. Tafadhali msinywe maji kwanza. Yeyote mwenye macho aliye karibu na studio aje aisome."

Mlango wa studio ukafunguliwa kwa kishindo. Mhariri aliingia akihema, akainama juu ya bega la Chiriku na kuisoma orodha nzima kwenye kipaza sauti, akivuta pumzi kati ya jina na jina. Aliporudia mara ya pili sauti yake ilikuwa imetulia. Chiriku akamshukuru hewani, akaendelea na bei za mazao.

Alipotoka, chumba cha habari kilikuwa na kelele za simu tu. Simu zililia kila meza. Wengine walipiga kukemea: mzaha gani huu wakati watu wanaweza kuugua? Wengine walitaka orodha irudiwe. Mama mkwe naye alikuwa amempigia mwanawe shuleni kumuuliza huyo Kitufe aliyetangazwa ni marehemu gani, na mbona ndugu zake hawajajitokeza kumtambua.

Mkurugenzi alipomwita ofisini safari hii hakuwa mpole. Injinia alikuwa ameshakaa mle ndani, na mhariri akaingia bila kuitwa.

"Ulifanya makusudi?" Mkurugenzi akauliza.

"La kwanza hapana," Chiriku akajibu. "Mengine ndiyo."

Mkurugenzi akasema ameiaibisha redio mbele ya mji mzima. Injinia, kwa sauti iliyojeruhiwa, akasema mfumo hauna kosa, kosa ni la aliyeweka picha. Mhariri akasema ni kweli, picha aliiweka yeye, na aibu hiyo ataibeba. Lakini akamuuliza Injinia mbona mfumo wenyewe haukumwonya, na vile vitufe navyo nani aliviweka. Wakaanza kurushiana maneno. Chiriku aliwasikiliza wenye macho wakitupiana lawama juu yake, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hasira yake ikageuka uchovu. Alimwonea huruma mhariri. Rafiki yake alikuwa amemfanyia hisani majuma mengi, na leo haraka ya dakika chache imefunika zote. Hilo hasa ndilo lililomchosha: kwamba kazi yake ilisimama juu ya watu kumkumbuka.

Katibu muhtasi akagonga mlango. Kuna msikilizaji amekataa kukata simu mpaka aongee na Chiriku. Mkurugenzi, labda kwa kutaka asikie mwenyewe jinsi watu walivyokasirika, akaamuru simu iwekwe kwenye spika.

Alikuwa mwanamume wa makamo, mpokeaji simu katika hospitali moja. Alijitambulisha kwa cheo chake, kisha akasema naye haoni.

"Tangazo la maji lilitumwa kwenye simu yangu tangu alfajiri," akasema. "Simu yangu ilinisomea hivi: picha. Nikaona ni salamu za mtu, maua maua hayo, nikaachana nayo. Nimekunywa chai, nimewapa wanangu maji ya kubeba shuleni. Mtaa wangu umo kwenye orodha, dada. Bila wewe ningejua saa ngapi?"

Chiriku akamuuliza watoto wako wapi. Akasema mama yao ameshawakimbilia. Alisema hana zaidi. Alitaka tu wajue kwamba alipomsikia akisoma kitufe kisicho na jina alicheka kwanza, kisha akakumbuka ile picha kwenye simu yake. Akakata.

Mkurugenzi aliuliza kwa sauti ya chini ni kitu gani hasa kinatakiwa. Chiriku alikuwa amekieleza kitu hicho kwa mdomo, kwa maandishi na kwa kuomba, mpaka ulimi ukaota sugu. Akaamua asikieleze tena. Akamwomba Injinia aje mezani kwake.

Alizima skrini. Akaiondoa panya ya kompyuta akaiweka kwenye mtoto wa meza. Akamvisha Injinia vipokea sauti, kwa kuwa nukta alikuwa hazijui, akamwambia aingie kwenye mfumo, afungue habari moja, aisome, aifunge. Ndiyo kazi yote. Injinia alianza kwa kujiamini, maana mfumo ni wake. Baadaye akaanza kubonyeza kwa nguvu, kana kwamba kitufe kikiumia kitataja jina. Watu wakakusanyika. Akafika kwenye uthibitisho wa kuwa binadamu, akakwama hapo, shati likamganda mgongoni. Mwishowe akavua vipokea sauti.

"Kitanda usichokilalia," akasema, bila kumalizia methali. Kisha akaomba radhi, kwa ukavu, kama mtu asiyezoea, na akaondoka.

Chiriku alidhani ndiyo imeishia hapo. Lakini kesho yake Injinia alirudi mwenyewe, akaomba kiti kilekile na skrini izimwe. Akarudi na kesho kutwa. Alikuja na maswali, mengine ya kuudhi, mengine ya maana. Vitufe vikaanza kupata majina, kimoja leo, viwili kesho, na kimoja kikaandikwa "fugua" kikabaki hivyo kwa wiki nzima. Fumbo la baiskeli liliondolewa, mlinzi akasikitika. Kisha ikawekwa kanuni kwamba mtu akibandika picha, mfumo unakataa kuendelea mpaka aandike maelezo yake. Wafanyakazi wakanung'unika. Mwandishi wa michezo kila picha aliiandikia "mpira", na Chiriku akagombana naye upya, safari hii kwa haki.

Kazi ilichukua muda mrefu kuliko alivyoahidiwa, kama kawaida ya kazi. Mkurugenzi hakuomba radhi, ila kipindi cha salamu hakukitaja tena. Taarifa ya asubuhi ilibaki kwa Chiriku.

Lililobaki likimkera ni mamlaka ya maji. Redioni walikuwa wametengeneza, lakini kwenye simu za watu matangazo yaliendelea kutumwa kama picha. Akampigia yule mpokeaji simu wa hospitali, wakakubaliana siku. Injinia akasema atawasindikiza, kwa kuwa anajua lugha ya wenzake wa kompyuta.

Mamlaka iliwakalisha kwenye benchi karibu asubuhi yote. Hatimaye ofisa wa uhusiano akawaingiza, akawatazama wale wawili wenye fimbo nyeupe, kisha akamgeukia Injinia.

"Karibu sana, kaka. Hawa wanataka nini?"

Chiriku alishafungua mdomo. Alikuwa amelisikia swali hilo benki, zahanati, dukani, kila mahali, na jibu lake lilikuwa kali. Lakini Injinia alimtangulia, na sauti yake ilikuwa na uchovu ambao Chiriku aliutambua.

"Sijui," akasema. "Waulize wenyewe. Mimi nimewasindikiza tu."

Ofisa akababaika, akawaomba radhi, akawavutia viti. Wakaketi, wakaeleza. Ofisa akasema ameelewa, atalishughulikia. Hakulishughulikia. Wakarudi mara ya pili, na mara ya tatu mpokeaji simu alikuja na wenzake wapatao kumi, fimbo zikigonga sakafu ya mapokezi, na walipoambiwa wasubiri walisubiri wakiwa wamejaza mlango. Majuma machache baadaye mabomba ya upande wa soko yalipasuka, na tangazo kwamba maji yatafungwa kesho yake likatumwa kwa maandishi ya kawaida, lenye kosa la tahajia kwenye mstari wa kwanza. Chiriku alilisoma kwa kidole akiwa kitandani, akalisoma tena, akamwamsha mumewe amwambie ajaze ndoo.